Mwalimu, unaogopa gari kuukuu au unaogopa usilolijua?

SWALI

Mjomba,

Pokea salamu kutoka Njoro. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu. Tunaishi Kiamunyi, Nakuru, na shule yangu iko mbele ya Njoro, kama kilomita 25 kutoka nyumbani. Sita za mwisho ni changarawe, na mvua ikinyesha zinakuwa tope. Kila siku ni matatu, kisha bodaboda. Msimu wa masika nafika nimelowa hadi soksi, na darasa la nne hunicheka bila kujificha.

Mwaka 2021 nilinunua kigari kidogo kutoka Japani kwenye yadi moja ambayo sitaitaja. Mita ilisoma kilomita 68,000. Niliambiwa mwenyewe alikuwa mzee mstaafu aliyeenda nalo sokoni tu. Mjomba, nilifurahi hata nikamwonea huruma yule mzee kwa kuliuza. Baada ya miezi minane gia zikaanza kusita, gari linanguruma bila kwenda. Fundi alipofungua mlango wa dereva akanionyesha kibandiko cha kubadilisha oili. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani: 141,000. Nililiuza kwa bei ya kutupa na nikaapa sitagusa gari la mtumba tena.

Sasa nimeweka akiba ya shilingi 850,000, na kwenye sacco nina amana ya 340,000. Nimeona kigari kipya cha kiwandani kutoka India, injini ya lita moja, gia za mkono, 1,650,000 pamoja na namba. Kijana wa mikopo pale dukani alinipigia hesabu: nitoe 330,000, zile 1,320,000 zinazobaki nilipe kwa miezi 60 kwa riba ya asilimia 13 "tu". Ni 36,300 kwa mwezi. Mshahara wangu ukishakatwa vyote hunifikia 58,000. Mume wangu ni mchomeleaji vyuma, mwezi mmoja kazi imejaa, mwingine ni kumwomba Mungu.

Yeye anasema gari jipya ni anasa, tutafute Probox, lile la mtumba la Toyota lenye buti kubwa. Shemeji yangu wa Kisumu, ambaye analo Probox, alitazama picha ya kigari changu kwenye simu akauliza kama betri zake zinauzwa kando. Disemba huwa tunaenda nyumbani Luanda, Vihiga, watu watano, na tunaporudi kuna gunia la mahindi, mkungu wa ndizi na kuku wa mama mkwe.

Ninunue jipya au niwasikilize? Na kama ni kununua, rangi gani?

Mwalimu wa Njoro


JIBU

Mwalimu,

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Sikulaumu. Lakini kabla hatujafika kwenye pesa, tuangalie ni nini hasa kilichokuuma mwaka 2021. Gari lile halikukuangusha kwa sababu lilikuwa limetumika. Lilikuangusha kwa sababu ulidanganywa kuhusu matumizi yake. Kama yule muuzaji angekuambia, "Dada, hili limetembea 141,000," ungelipa kidogo zaidi, au ungeondoka, au ungeweka akiba ya gia. Ulinunua mbuzi kwenye gunia. Sasa unataka kulipa milioni moja na nusu na zaidi ili tu gunia liwe wazi. Yapo magunia mengine yaliyo wazi, na bei yake si hiyo.

Nitakuja huko. Kwanza nitoe ile karatasi ya kijana wa mikopo, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko gari lenyewe.

Asilimia 13 aliyokutajia ni ile ambayo wenyewe huiita flati. Inahesabiwa kwa mkopo wote, mwaka wa kwanza hadi wa tano, kana kwamba hujawahi kulipa hata shilingi. Chukua 1,320,000, zidisha kwa asilimia 13, zidisha kwa miaka mitano: riba ni 858,000. Jumla unarudisha 2,178,000, gawanya kwa miezi 60 utapata 36,300 zake kamili. Kijana hakusema uongo. Alikuacha tu ufikirie kwamba 13 yake ni ya aina moja na asilimia 12 kwa mwaka ya mkopo wa sacco. Siyo. Ukiibadilisha iwe riba ya salio linalopungua, ambapo kila mwezi unatozwa kwa deni lililobaki peke yake, mkopo ule unakaribia asilimia 22 kwa mwaka. Ongeza ile 330,000 ya kwanza, na kigari cha 1,650,000 kimekutoka 2,508,000. Kwa pesa hizo ungekuwa umenunua gari ambalo shemeji hangelicheka.

Tuendelee na mwezi wako. Kilomita 50 kwa siku, siku 22, ni kilomita 1,100. Kigari cha lita moja kikiendeshwa kwa adabu kinakupa kilomita 18 kwa lita, basi unahitaji lita 61. Tukichukulia lita ni shilingi 180, hiyo ni 11,000. (Bei ya EPRA, mamlaka ya nishati, hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hiyo jizoeze kuipiga hesabu hii mwenyewe.) Bima kubwa, ambayo mkopeshaji atakulazimisha kuwa nayo, huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Ikiwa ni asilimia nne, ni 66,000 kwa mwaka, yaani 5,500 kwa mwezi. Jumlisha: 36,300, 11,000, 5,500. Ni 52,800. Katika 58,000 zako zimebaki 5,200 za unga, karo, kodi ya nyumba, na ule mwezi ambao mume wako anamwomba Mungu. Na hatujabadilisha oili wala tairi.

Hata ukimkataa kijana na kwenda sacco, mambo yanalegea lakini hayafunguki. Tuseme unatoa 680,000 taslimu na kukopa 970,000 kwa asilimia moja kwa mwezi, salio linalopungua, miezi 48. Saccos nyingi hukopesha mara tatu ya amana, kwa hiyo 340,000 zako zinakufikisha huko. Utalipa kama 25,500 kwa mwezi na riba yote itakuwa kama 256,000, si 858,000. Ona tofauti hiyo, nami nakuomba uwaonyeshe walimu wenzako kwenye chumba cha walimu. Lakini 25,500 na mafuta na bima bado ni 42,000. Utakuwa na gari jipya, na utakuwa ukiegesha nyumbani Jumamosi kwa kukosa mafuta.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usilinunue hilo jipya. Wala si kwa sababu za mume wako na shemeji.

Sikiliza njia ya tatu. Tafuta gari la aina hiyohiyo, dogo, ambalo liliuzwa jipya hapa Kenya miaka mitatu au minne iliyopita, likawa na mwenyewe mmoja. Gari jipya hupoteza thamani kubwa zaidi katika miaka yake ya kwanza, na hasara hiyo ameshaila mtu mwingine. Ila lililo muhimu kwako ni hili: historia yake haiko Yokohama, iko hapa. Gari lenye waranti hupelekwa servisi kwenye karakana ya muuzaji aliyeidhinishwa, maana bila hivyo waranti hupotea. Kila servisi inaandikwa kwa namba ya chesisi pamoja na kilomita za siku hiyo. Mwambie mwenye gari mwende pamoja karakana hiyo, aombe rekodi zake mbele yako. Akisema kitabu kilipotea na karakana ni mbali, mshukuru kwa chai na uondoke. Kisha fanya upekuzi wa gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, ada yake ni ndogo, uone jina la mwenyewe na kama logbuku imeshikwa na benki. Likiwa na deni, jina la mkopeshaji litakuwa pale pamoja na la mwenyewe.

Onyo moja hapa, kwa sababu vigari hivi vina maisha ya pili ambayo watu husahau. Mwaka 2018 Uber walipoleta huduma yao ya ChapChap Nairobi, gari walilochagua lilikuwa Suzuki Alto jipya, na tangu hapo vigari vidogo vipya vingi vimefanya kazi ya teksi. Teksi ya miaka mitatu inaweza kuwa imetembea kuliko kigari chako cha 2021. Hata hivyo safari hii hutategemea mita. Uliza bima yake ya zamani ilikuwa ya gari binafsi au ya abiria. Tazama kiti cha dereva upande wa mlangoni, mpira wa kanyagio la klachi, na mlango wa nyuma wa kushoto, ule ambao abiria huupiga kama wanamfukuza mwizi. Vitu hivi havijui kurudishwa nyuma.

Tuseme umelipata kwa milioni moja. Unatoa 650,000, unakopa 350,000 sacco kwa miezi 36. Malipo ni kama 11,600 kwa mwezi. Mafuta 11,000, bima kama 3,300. Jumla inakaribia 26,000, na 32,000 zako zimebaki nyumbani. Mkononi una 200,000 bado: 40,000 za bima ya mwaka wa kwanza, nyingine za tairi na servisi kubwa siku ile ile ya kununua, na laki moja usiiguse hata kwa harambee. Milioni moja ni bei ya mfano. Likizidi, jiulize kwanza kama bado unalipa kidogo kuliko hofu yako.

Sasa nimtetee kidogo mume wako, kwa sababu gari la Japani si dhambi. Wajapani hukaguliwa magari yao kwa lazima, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila miwili, na gharama ya ukaguzi ndiyo huwafanya wengi waachane na gari likiwa bado zima. Sheria yetu nayo hairuhusu kuingiza lililozidi miaka minane. Ukikosa la hapa nyumbani, rudi huko, ila safari hii usianzie yadi, anzia karatasi ya mnada. Ina daraja la gari, michoro ya mikwaruzo na kilomita zilizosomwa siku ya mnada, na kwa namba ya chesisi unaweza kuithibitisha kwa mtu mwingine asiye muuzaji. Daraja R au RA maana yake limewahi kugongwa likatengenezwa. Na kama lina gia za CVT, zile zinazojibadilisha zenyewe kwa mkanda, kama lile lako bila shaka, lazima litiwe mafuta yake maalumu. Fundi akikuambia "oili ya gia ni oili ya gia", chukua funguo zako. Mengi yaliyouawa Nakuru yaliuawa hivyo, si na uzee.

Lakini Probox? Hapana. Ni gari zuri, spea zake unazipata hata Luanda, lina mgongo wa punda. Mume wako akipata kazi ya kusafirisha mageti, anunue lake. Wewe unachagua gari la Jumatatu, na wao wote wawili wanakuchagulia gari la Disemba. Jumatatu zako ni zaidi ya 150 kwa mwaka ukihesabu siku zote za shule, na kwenye kila moja gari lina mtu mmoja, mkoba na madaftari ya kusahihisha. Gunia la mahindi linasafiri mara moja. Lilipiwe nauli.

Hata hivyo shemeji ana nusu ya hoja bila kujua, nami nitaitoa kabla hajaigundua. Injini isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na Mau Summit inapita 2,400. Kigari cha lita moja kilichotoka kiwandani na nguvu za farasi 67 kinafika pale kikiwa na hamsini na kitu. Watu watano, mizigo, na lori la miwa mbele yako, usijaribu kulipita kwenye mlima. Shuka gia mapema, kaa nyuma yake, ule ndizi. Kuteremka Kericho hadi Ahero hakuna shida, ila usiachie gari kwa breki peke yake, tumia gia. Na mkirudi, watoto wawili wakubwa wapande matatu na baba yao. Watafurahi zaidi kuliko unavyodhani.

Usalama hukuuliza, na mimi sitakuacha uende bila kuusikia. Vigari vya bei nafuu vilivyotengenezwa India vimewahi kuaibika mbele ya wapimaji wa ajali wa Global NCAP. Alto 800 ilipata nyota sifuri mwaka 2014, na S-Presso ya India ikapata sifuri mwaka 2020. Matoleo hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kati ya mwaka na mwaka, kwa hiyo jina la gari halitoshi. Gari unalotazama liwe na mifuko ya hewa miwili mbele na breki za ABS, zisizogandisha magurudumu, na taa ya mfuko wa hewa iwake ukiwasha swichi kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameing'oa balbu ili usiulize. Kwa barabara ya Nakuru–Mau Summit, hapa sikupunguzii.

Changarawe zako za kilomita sita zinataka gari lililoinuka, na kwa hilo hivi vigari vya India huvishinda vya Japani vingi vya ukubwa wake. Piga magoti utazame chini: sahani ya injini ikiwa imebonyea, huyo mwenyewe alikuwa na haraka. Halafu kabla ya kulipa, pita maduka ya spea mjini Nakuru uulize bei ya vitu vitatu tu, taa ya mbele, kioo cha pembeni na bampa. Plagi na pedi za breki zitapatikana popote. Ni hivyo vitatu vitakavyokukumbusha kwamba si Probox.

Kuhusu kicheko cha betri. Mwaka 2008 kampuni ya Tata ilionyesha Delhi gari dogo liitwalo Nano, bei yake rupia laki moja, likasifiwa dunia nzima kuwa la bei ya chini kuliko yote. Mwaka 2018 likaacha kutengenezwa. Ratan Tata mwenyewe alikiri kwamba kulinadi kama gari rahisi kuliko yote kulikuwa kosa: watu waliokuwa wakipanda pikipiki familia nzima hawakutaka majirani waone wamenunua kilicho rahisi kuliko vyote. Wahindi walicheka na kuchekwa kama sisi. Kwa hiyo shemeji yako si mtu mbaya, ni mtu wa kawaida. Mpe lifti kutoka Kondele hadi Kiboswa siku moja, umpandishe mlima wa Riat na gia ya pili, na ukifika umwombe achangie mafuta. Atasahau betri.

Jambo la mwisho kabla ya rangi: hesabu hizi zisome na mume wako mezani, yeye akiwa na kalamu. Uliniandikia kuhusu pesa zako, naye ameleta hoja ya gari la familia. Labda hajui 5,200 ilikuwa ndiyo ingebaki.

Rangi: nyeupe au ya fedha. Nyeupe huuzika upesi siku ukichoka nalo, na rangi ya dukani ya kugusia mikwaruzo haikosekani. Itakuonyesha vumbi la Njoro lote, ndiyo. Darasa la nne wana vidole vya kuandikia juu yake, na watakachoandika Ijumaa utakiosha Jumamosi kwa ndoo moja ya maji.

Mjomba